Ndoa moja, majina matatu: familia ya wakulima wa Westfalen, 1740 hadi leo

Mpangaji_FortPortal (swali)

Habari za humu. Kuna kitabu cha ukoo kinapangwa: mama Mtooro wa Uganda, baba Mjerumani ambaye watu wake ni wakulima wa Münsterland, Westfalen, Wakatoliki. Upande wa mama umekamilika. Upande wa baba kuna nakala kama 60, nyingi za daftari za parokia, Kilatini kwanza na Kijerumani baadaye. Majina nimeyabadilisha kwa kuwa familia ipo.

Nilipokwama ni hapa. Novemba 1777 Joannes Henricus Overkamp anamwoa Anna Maria Niemann. Mtoto wa kwanza akibatizwa, baba yuleyule ameshakuwa "Niemann", na anabaki hivyo kwa watoto wote. Anazikwa 19 Julai 1786, lakini ubatizo wa tarehe 30 Agosti 1786 unamtaja kama yu hai. Januari 1787 mjane anaolewa na Bernardus Schulze, naye watoto wake wote wanaandikwa Niemann. Kisha mwana mmoja wa mume wa kwanza anatokea 1812 akiitwa Overkamp. Huyo Bernardus anazikwa 1809 kama "Leibzüchter" mwenye miaka 61, ilhali ubatizo wake ni wa 1752.

Je, ni uzembe wa makarani au watu tofauti? Niandike jina gani kwenye mti? Na kuanzia 1874 nakala zinaisha, zinapatikana wapi? Familia inasema imekaa shamba hilohilo tangu 1740.

---

Karani_wa_Mbale

Makarani hawakukosea. Kosa ni kudhani kwamba Mzungu siku zote alirithi jina kwa baba. Pande hizo za kaskazini-magharibi ya Ujerumani jina lilikuwa la shamba. Shamba pamoja na nyumba yake, yaani Hof, lina jina, na yeyote anayelishika huitwa kwa jina hilo. Mwanamume akioa binti mrithi akahamia kwake, anaacha jina la kwao mlangoni. Kwenye Kilatini utaona "modo", "dictus", "vulgo" au "alias", kwenye Kijerumani ni "genannt", kwa kifupi "gt." au "gnt.". Overkamp wako alioa binti wa Niemann, akaingia shamba la Niemann, akawa Niemann. Mjane alipoolewa tena, Schulze naye akawa Niemann. Hawana undugu wowote.

Kwa hiyo fuata shamba, usifuate jina. Kwa kila kizazi jiulize mambo matatu: nani ameshika shamba, ameingia kwa kuzaliwa au kwa ndoa, na ametoka lini. Neno la kutafuta pembeni ya jina ni "colonus", mshika shamba. Wakati huo wengi wao hawakuwa wenye ardhi bali watwana wa mkabaila, monasteri au kanisa kuu, na hapo ndipo penye nyaraka tamu kuliko daftari la ubatizo. Anayeingia kwa ndoa alilipa ada ya kuingia, Auffahrt. Mshika shamba akifa, bwana alichukua sehemu ya mali inayohamishika, mara nyingi nusu. Hiyo ni Sterbfall, na ili ipatikane ilibidi ng'ombe, farasi, vyungu na vitanda vihesabiwe na kuandikwa. Mtoto anayetoka kwenda kuoa kwingine alinunua barua ya kuachiliwa, Freibrief. Karatasi hizo zimo kwenye mafaili ya bwana wa ardhi, kwa hiyo kwanza jua bwana wa shamba la Niemann alikuwa nani.

Huyo Bernardus wa 1787 hakulipata shamba moja kwa moja. Mrithi wa mume wa kwanza alikuwa bado mtoto, basi baba wa kambo alilishika kwa miaka iliyowekwa kwenye mkataba, Mahljahre, mpaka mrithi akomae, kwa kawaida karibu na miaka 25. Baadaye alihamia nyumba ndogo ya wastaafu iliyo shambani humo humo. Leibzüchter ni mtu huyo. Ukimkuta mrithi amezaliwa 1781, tarajia makabidhiano karibu na 1806. Mkataba, ukiwepo, utakuambia mzee alipewa chumba kipi, nafaka ya rai kiasi gani kwa mwaka, ng'ombe mmoja, kuni, mayai na nguo kufuliwa. Walikuwa wakiandika mpaka nani atapanda farasi kwenda kanisani.

Miaka 61 dhidi ya 57 isikusumbue. Umri wa kifo ulitajwa na majirani. Hakikisha tu hakuna Bernardus mwingine aliyebatizwa karibu na 1748 parokia hiyo, basi.

Huyo mwana aliyeitwa Overkamp mwaka 1812 usimtupe pembeni. Huenda alirudi kwa baba zake wakubwa kushika shamba la Overkamp lisilo na mrithi, au alioa huko. Jibu liko kwenye daftari la ndoa la parokia ya shamba la Overkamp, si la Niemann.

Kwenye mti andika jina la kuzaliwa kwanza, kisha la shamba: "Overkamp gt. Niemann", na mwaka alioanza kulitumia. Programu nyingi za kompyuta hulazimisha jina moja la ukoo na zitakuunganishia waume wawili kuwa ndugu. Weka jina la shamba kwenye sehemu ya makazi au maelezo, si ya ukoo.

---

Mwandiko_wa_Kale

Naongezea kuhusu ile tarehe. Angalia tena nakala: naamini imeandikwa "19 7bris 1786". Hiyo ni Septemba. Kwa Kilatini septem ni saba, basi 7bris ni Septemba, 8bris Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Anayeisoma kama mwezi wa saba anamzika mtu miezi miwili kabla. Baba alikuwa hai 30 Agosti, akazikwa 19 Septemba. Mjane kuolewa tena baada ya miezi minne halikuwa jambo la kushangaza, shamba bila mwanamume lilikuwa hatarini na mkabaila alisukuma.

Vifupisho vingine vitakavyokusaidia: "p.m." baada ya jina maana yake marehemu, na ukikuta baba wa bibi harusi ana p.m. umeshapata kikomo cha kifo chake. "Rel." au "vidua" ni mjane, "viduus" ni mgane. "Copulati" wameoana, "sepultus" amezikwa. "Levantes" au "patrini" ni wasimamizi wa ubatizo. Hao wanukuu wote bila kuruka, kwa sababu mara nyingi ni shangazi na wajomba wenyewe na ndio watakaokuonyesha jina la kwao mume aliyeingia. Pacha huandikwa "gemelli". Kule hakuna Isingoma na Kato wa kukuonyesha pacha kwa jina tu, na usipoliona hilo neno utadhani karani ameandika mtoto mmoja mara mbili.

Jambo la Joannes: watoto watano wa kiume wanaweza wote kuanza na Johann, na linalotumika ni la pili. Johann Heinrich ni Heinrich, Johann Bernard ni Bernard. Wenyewe Batooro wanaelewa vizuri zaidi, jina rasmi ni moja na empaako ndiyo inayoitwa nyumbani. Tena mtoto akifa, anayefuata hupewa jina lilelile. Kwa hiyo ubatizo wa Heinrich mara mbili kwa wazazi hao hao ni taarifa ya kifo; kaangalie maziko katikati ya tarehe hizo mbili.

Daftari zikihamia Kijerumani utakutana na Kurrent, mwandiko wa mkono wa kale wa Kijerumani. Herufi nne ndizo zinazoangusha watu. "e" inafanana na "n" ndogo. "u" ina kamba ndogo juu yake ili isichanganywe na "n". "h" ina kitanzi juu na kingine chini, wengi huisoma "f". "s" ya katikati ya neno ni mstari mrefu. Kijistari juu ya m au n maana yake herufi hiyo ni mbili. Usianze kusoma sentensi: tengeneza kwanza jedwali la alfabeti kutoka kwa karani huyo huyo, ukichukua maneno unayoyajua kama majina ya miezi na jina la kijiji. Paroko akibadilika, jedwali jipya.

---

Nyanya_Kabale

Samahani, naingilia kabla mtu mwingine hajaichukua "fuata shamba" kuwa sheria ya Ujerumani nzima. Ni ya kule ambako shamba lilikwenda zima kwa mrithi mmoja, Anerbenrecht: Westfalen, Niedersachsen, sehemu kubwa ya Bayern. Hata huko mrithi hakuwa kifungua mimba kila mahali. Minden-Ravensberg mara nyingi alikuwa mziwanda.

Kusini-magharibi, Württemberg, Baden na Pfalz, walikuwa wakigawana sawa, wana na mabinti, kila baba akifa. Realteilung. Huko ukifuata shamba utapotea, maana baada ya vizazi vitatu shamba lenyewe halipo, ni vipande kumi na viwili vya mizabibu vilivyotawanyika, kila kimoja upana wa mikeka michache. Anayetoka Kigezi, ambako ardhi nayo imekatwa vipande vipande, hahitaji kuelezwa hili zaidi. Huko fuata jina la baba, na ufuate karatasi za mgawanyo: Württemberg waliandika mali yote ya mtu alipooa na alipofariki, Inventuren und Teilungen, tangu sheria ya 1555 mpaka 1899. Mpaka vijiko vimo. Na tangu 1808 makanisa yao yana Familienregister, ukurasa mmoja kwa kila familia, wazazi na watoto pamoja, kazi ya mwezi mzima inaisha asubuhi moja.

Na waliobaki bila ardhi ndio walioondoka. Baada ya volkano ya Tambora ya Aprili 1815 kukaja 1816 mwaka usio na kiangazi, mavuno yakaharibika, na 1817 watu wa Württemberg walimiminika kwenda Urusi na Marekani. Kitabu cha ukoo kikiwa na "alipotea" kwenye miaka hiyo, tafuta ruhusa za kuhama.

---

Karani_wa_Mbale

Nyanya yuko sawa. Na Westfalen nayo ilikuwa na wasio na shamba: ndugu za mrithi. Walipewa fungu lao la kuondokea, Brautschatz, pesa, ng'ombe, kitanda, kasha la nguo, na wengi wakaishia kuwa Heuerling, mpangaji wa kijumba na kipande cha ardhi kwa mwenye shamba, kodi akilipa kwa pesa na kwa siku za kazi wakati wowote anapoitwa. Kiangazi wanaume walikwenda Uholanzi kukata majani na kuchimba mboji ya kuwashia moto. Ukikosa kifo cha mmoja wao kwenye parokia, hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Miaka ya 1830 na kuendelea wengi walikwenda Marekani kupitia Bremen. Bahati mbaya orodha za abiria za Bremen zilizobaki ni za 1920 hadi 1939 tu. Za Hamburg zipo, 1850 hadi 1934.

Vipimo utakavyovikuta kwenye nyaraka: Morgen, kipimo cha ardhi, ya Prussia (ufalme uliotawala Westfalen wakati huo) ni mita za mraba 2,553, kama ekari 0.63. Shamba la Morgen 60 ni ekari 38 hivi. Ya Württemberg ni kubwa zaidi, 3,152, basi usichanganye. Pesa: Taler ya Prussia tangu 1821 ni sarafu ndogo za Silbergroschen 30, na baada ya muungano wa Ujerumani Taler 1 ilibadilishwa kwa Mark 3.

---

Rejista_Jinja

Swali la 1874. Prussia ilianza usajili wa serikali tarehe 1 Oktoba 1874, Dola nzima ya Ujerumani 1 Januari 1876. Ofisi ni Standesamt. Kanuni ya sasa, tangu 2009: rejista za uzazi hufungwa miaka 110, za ndoa 80, za vifo 30. Zikipita hapo zinahamia kwenye hifadhi ya nyaraka na mtu yeyote anaweza kuomba. Ndani ya muda huo, mwenye haki ni mhusika mwenyewe, mwenzi wake, wazazi wake kwenda juu na uzao wake kwenda chini. Maana yake watoto wa ndoa hii waliozaliwa Fort Portal wana haki kamili kwa babu zao wa moja kwa moja, ila waambatanishe vyeti vyao vya kuzaliwa vya NIRA (mamlaka ya usajili ya Uganda), na jina la baba liwe limeandikwa sawasawa herufi kwa herufi, pamoja na zile nukta mbili za ü. Hapo ndipo maombi mengi yanarudishwa.

Njia fupi: anza na vifo. Rejista za vifo hufunguliwa mapema kuliko nyingine, na za zamani mara nyingi zinataja wazazi. Nakala za pili za Standesamt za eneo la Münster ziko Landesarchiv (hifadhi ya nyaraka ya jimbo), tawi la Detmold. Daftari za Kikatoliki za jimbo la Münster ziko bure kwenye tovuti ya Matricula. Za Kiprotestanti nyingi ziko Archion, kwa kulipia. Ukiandikia ofisi, andika Kijerumani kifupi, mtu mmoja kwa barua moja, taja tarehe, kijiji na dini, na sema unataka nakala ya picha ya ukurasa wote. Usiposema hivyo utaletewa cheti kipya kilichopigwa chapa, na maandishi ya pembeni, ambayo ndiyo yenye habari, yanaweza kubaki huko. Ada hulipwa kwa Euro kupitia benki, basi kusanya maombi ulipe mara moja, kutuma kutoka Uganda kunakula zaidi ya cheti chenyewe.

Kuhusu "tangu 1740": kauli hiyo mara nyingi inatoka kwenye karatasi za miaka ya Hitler. Sheria ya Reichserbhofgesetz ya 29 Septemba 1933 ilifunga mashamba ya kuanzia hekta 7.5 hivi mpaka 125 yasiuzwe wala kuwekwa rehani, na mwenye shamba alitakiwa kuthibitisha kwamba tangu 1 Januari 1800 hakuna Myahudi kwenye damu yake. Ndiyo maana nyumba nyingi zina mti wa ukoo wenye mihuri. Mihuri hiyo haithibitishi usahihi. Watu walinakili haraka kutafuta cheti, wakaruka waume walioingia kwa ndoa, wakaandika Niemann, Niemann, Niemann. Tumia kama ramani, kisha kila mstari ukauthibitishe parokiani. Faili la mahakama ya urithi wa mashamba, Anerbengericht, likipatikana, lina maelezo ya kweli zaidi, hasa kama ndugu waligombana. Sheria ilifutwa 1947, na kwenye ukanda uliokaliwa na Waingereza baada ya vita ikaja Höfeordnung, mrithi bado mmoja na ndugu wanafidiwa.

Na kama kitabu kinafika 1939 hadi 1945, uliza nani alilima wakati vijana wako vitani. Mashamba mengi yalipewa vibarua wa kulazimishwa: Wapoland, Waukraine na wafungwa wa vita Wafaransa. Majina yao yanatafutwa kwenye hifadhi ya Arolsen, Ujerumani, yenye nyaraka za wahanga wa Wanazi. Nao waliishi kwenye shamba hilo, kwa hiyo wamo kwenye historia yake hata kama mti hauna tawi lao.

---

Mpangaji_FortPortal

Mwebale muno (asanteni sana) wote. Ni kweli, imeandikwa 7bris. Mrithi alibatizwa 1781.

Ila sasa kuna pagumu zaidi. Mrithi huyo alibakiwa na binti mmoja tu, wa 1810. Aliolewa 1834 na mwanamume aliyeingia, "Kemper gt. Niemann". Mtoto wao alikufa mdogo, mama akafa 1841. Mgane akaoa tena 1842, na familia ya leo inatokana na mwana wao wa 1845. Kwa hiyo shamba lilibaki kwa mgeni na mke mgeni. Damu ya 1740 imekatika?

---

Nyanya_Kabale

Kama hali ndiyo hiyo, imekatika na uandike hivyo. Mistari miwili kwenye ukurasa: mmoja wa shamba, hauna pengo, mwingine wa damu, unaanza upya 1842. Kwetu mtu hawezi kubadili kika (ukoo) kwa kuhamia shamba, na wasomaji wa Toro watauliza swali hilo kabla ya jingine lolote.

---

Karani_wa_Mbale

Mimi ningesema familia kwao ilikuwa shamba, na Kemper angeshangaa kuambiwa si Niemann. Sheria ya Prussia ya 1822 ilikuwa imeshakataza kubadili majina ovyo, ndiyo maana la kwao limebaki mbele ya "gt.". Lakini kabla ya kuchora mstari wa pili, rudi kwenye ndoa ya 1842 yenyewe. Mgane aliyeingia kwa ndoa hakuwa huru kuoa yeyote. Ukoo wa marehemu ulipenda shamba libaki karibu. Kwa Wakatoliki, akioa ndugu wa mkewe marehemu alihitaji ruhusa, na paroko aliiandika: "disp." ikifuatiwa na daraja. "Affin." ni ujamaa wa ndoa, "consang." ni wa damu. Daraja la pili ni mabinamu wa kwanza, la tatu ni mabinamu wa pili, yaani wajukuu wa ndugu wawili. Kawaida inaandikwa kwa herufi ndogo mwishoni mwa mstari au pembeni.

---

Mpangaji_FortPortal

Ipo. Nilidhani ni doa la wino. "Disp. in 2do gr. affin."

---

Mwandiko_wa_Kale

Basi mke wa pili alikuwa binamu wa kwanza wa mke wa kwanza. Bado haijulikani ni kwa upande wa baba yake, yaani Niemann, au wa mama yake. Bibi harusi wa 1842 anaitwa nani?

---

Mpangaji_FortPortal

Maria Catharina Overkamp.

---

Karani_wa_Mbale

Tafuta ubatizo wake kwenye parokia ya shamba la Overkamp, kuanzia 1812. Kama baba ni yule mwana uliyedhani amebadili jina, mama yake baba huyo ni Anna Maria Niemann wa 1777. Usichore chochote mpaka uwe na ukurasa huo mkononi, na nukuu wasimamizi wa ubatizo.